Watu Hawahami kwa Meseji ya Grupu

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, bosi kanipa miezi miwili niihamishe timu yangu kutoka Dar kuja Dodoma. Nianzie wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mimi nilianzia pabaya.

Ilikuwa 2017. Rais Magufuli alishatangaza Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia huku, na Waziri Mkuu akahamia Septemba. Wateja wetu wengi walikuwa wizarani, tungebaki Dar kufanya nini? Nikatangaza kwenye grupu la WhatsApp, Ijumaa jioni, na kikatuni cha lori mwishoni. Tiki zikawa bluu. Kimya.

Jumatatu mhasibu wangu akasimama mezani kwangu. "Mwanangu yuko la saba, mtihani Septemba. Nahamaje?" Nikamwelezea habari za viwanja vya Dodoma na fursa! Akaniangalia, akachukua faili lake, akatoka. Mwezi uliofuata aliacha kazi, na madeni ya wateja aliyokuwa akiyajua kwa kichwa akaondoka nayo.

Kati ya watu kumi na wanane, walikuja saba. Tulifika Julai, na upepo wa Dodoma mnaujua. Vijana wa Temeke wanatetemeka ofisini, vumbi limejaa kwenye printa, hakuna anayenisemesha. Siku ya tatu nikafunga ofisi mchana, nikawapeleka soko la Sabasaba, hapa Dodoma, kununua masweta ya mitumba. Hapo ndipo nilisikia kicheko cha kwanza. Vikao vyangu vyote havikuwahi kufanya hivyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ongea na mmoja mmoja kabla hujatangaza. Uliza nani ana mtoto wa mtihani, nani anauguza mzazi. Na kama kuna watakaopunguzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inakutaka utoe taarifa, ueleze sababu na ushauriane nao kwanza. Mimi niliisoma nikiwa nimeshaitwa kwenye usuluhishi. Viongozi wenzangu, tuache kujificha nyuma ya simu! Ongea na watu, nasema tena, ongea nao.

Ofisi ilisimama, tena kwa jasho langu, ingawa hilo halisemwi. Wawili hawapokei simu zangu mpaka leo.

Wewe una nafuu, treni ya umeme ya SGR, Dar mpaka Dodoma, ipo tangu 2024. Sisi basi lilikuwa linakula siku nzima. Omba bajeti ya nauli waende kuona familia zao. Na kama mnahama Juni au Julai, waambie wabebe masweta.