Shangazi wa Vitabu Anajibu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Usiku nasoma riwaya za kasri: sumu kwenye kikombe, mawaziri wanafiki, binti anayewazidi wote akili. Mume wangu anasema ni hadithi za watoto. Mbona siziachi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huziachi kwa sababu unazielewa kuliko yeye. Ndani ya kasri, mwenye upanga hupigana mara moja. Mwenye habari hushinda kila siku. Nani kakaa karibu na nani, nani kanyamaza ghafla. Si ndiyo kikao cha harusi cha ukoo wenu?

Na si ndoto tupu. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alizaliwa 1844. Wasichana wa kasri hawakufundishwa kuandika, basi akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, mwandishi wa barua za njama alikuwa nani? Huyo huyo binti, miaka 15! Njama ilishindwa. Hapo ndipo riwaya nyingi huharakisha, nami hukasirika, maana kushindwa ndiko kutamu.

Mumeo msomee sura moja kwa sauti, ile ya kikombe cha sumu, kisha funga kitabu ukalale. Mimi juzi niliunguza kiburu kwa sura kama hiyo, sufuria bado nimeiloweka.