Camaro ya mtumba, gia sita za mkono: nilivyoiongezea nguvu na mafuta ikapunguza kula

Wadau habari zenu. Hapa Houston kila nikikutana na vijana wa kwetu, iwe msibani au kwenye harusi, kuna mmoja lazima atanivuta pembeni aniulize, braza hiyo V8 si inakumaliza kwa mafuta? Na mwingine anakuja na swali la upande wa pili, nifunge nini gari iende zaidi. Nimeona niandike yote hapa, ni miaka minne ya kuhangaika na gari moja kwa hela yangu, sasa ukinunua ya kwako angalau ujue pa kuanzia.

Gari yenyewe ni Chevrolet Camaro Z28 ya mwaka 2000, injini LS1 lita 5.7, bloku ya aluminiamu, giaboksi T56 yenye gia sita za mkono. Zilikuwa zinaundwa Kanada, Sainte-Thérèse kule Quebec, mpaka 2002 walipoacha. Kiwandani waliiandikia hospawa (nguvu za farasi) 305. Nilimkuta nayo mzee mmoja wa hukuhuku, imetembea maili 118,000, sawa na kilomita 190,000 hivi, bodi safi, vioo vya umeme vinapanda kwa shida (hizi gari mota za vioo ni ugonjwa wake, usishtuke ukikuta).

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na mimi nilikuwa nimeshaweka oda nusu, ni kukimbilia vitu vya kuongeza nguvu. Kemshafti, egzosi, meno ya difu, unaviona mtandaoni roho inadunda. Rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi akaniambia mdogo wangu subiri, hiyo gari unajua sasa hivi inafanya nini? Nikasema sijui. Akaniambia nunua daftari.

Na kweli daftari ndilo lililonisaidia kuliko kitu chochote nilichofunga. Unajaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, unaandika maili na galoni, ukijaza tena unagawanya, basi. Wiki tatu za mwanzo nikapata maili 15 kwa galoni, barabara kuu na foleni vimechanganyika, kwa hesabu za nyumbani ni kilomita 6.4 kwa lita. Kwa LS1 ya gia za mkono hiyo ni dalili ya ugonjwa. Na hapa ndipo nataka unielewe vizuri kwa sababu ndiyo habari yote ya makala hii: petroli inayopotea ni ileile nguvu unayoitafuta, injini ikila hovyo maana yake kuna mafuta yanaingia na hayageuki mwendo, sasa ukiijazia vifaa juu yake unaupamba ugonjwa.

Nikanunua mashine ndogo ya kupimia, dola 30 na kitu. Gari zote ndogo zilizouzwa Marekani kuanzia 1996 zina soketi ya OBD2 chini ya dashibodi, unachomeka unasoma kwenye simu. Usiangalie taa ya injini tu, yangu ilikuwa imezima kabisa. Angalia zile asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani kwa muda mrefu. Ikiwa karibu na sifuri, mambo mazuri. Yangu ilikuwa imeongeza asilimia 11 upande mmoja na 12 upande wa pili, yaani kompyuta inaona hewa ambayo sensa haikuihesabu, inafidia. Na kwenye LS1 lile ongezeko halibaki kwenye mwendo wa kawaida tu, ukikanyaga mafuta mpaka chini linaingia na huko, injini inanyweshwa kupita kiasi, gari inakuwa nzito ilhali inanuka petroli.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza mpira wa hewa nyuma ya manifodi, umekauka mpaka nilipoushika ukamegeka mkononi kama biskuti. Ya pili sensa ya kupimia hewa. Ukiifungua utaona ndani nyaya nyembamba kama unywele, kwangu zilikuwa na utando wa mafuta, kwa sababu yule mzee aliyeniuzia alifunga ile filta ya pamba inayopakwa oili na aliipaka bila huruma. Kuna dawa ya kupuliza ya sensa hiyohiyo, usitumie ya kabureta, unapuliza mara kumi hivi, usiguse kwa kidole wala kitambaa, unaiacha ikauke kabisa ndiyo unarudisha. Dakika kumi na tano tu.

Nikabadilisha plagi nane na waya zake, pengo la plagi za zamani lilikuwa limepanuka hadi unaliona kwa macho. Sensa mbili za oksijeni za mbele nikaweka mpya, za zamani hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimechoka, zinajibu taratibu. Halafu nikagundua kitu ambacho hakina uhusiano na injini kabisa: nilipofika nyumbani siku moja nikapitisha mkono karibu na rimu zote nne, ya nyuma kulia ilikuwa na joto kali kuliko wenzake. Breki ilikuwa inashika. Nilikuwa naendesha gari huku nimeifunga breki miezi yote ile! Jumla kuu ya hayo yote nilitumia chini ya dola 400, daftari likapanda kutoka 15 hadi 18 na gari ikaanza kuchanganya kwa namna ambayo nilidhani ingehitaji dola elfu tatu.

Tuje kwenye gia, maana hapa kuna watu wanaibiwa. Siku za mwanzo nikiondoka taratibu, natoka gia ya kwanza napeleka ya pili, mkongojo wa gia unaenda wenyewe kwenye ya nne. Nikaipeleka gereji moja wakaniambia giaboksi imekufa, dola 1,800 kuifungua na kuijenga upya. Niliwaomba nikafikirie, nikarudi nyumbani nikasoma. Haijafa ndugu yangu, imeundwa hivyo! Kuna solenoidi, yaani kidude cha umeme, inafunga njia ya gia ya pili injini ikishapata joto, ukiwa kwenye spidi ndogo ya maili 15 mpaka 20 kwa saa na umegusa mafuta kidogo tu. Waliiweka kwa ajili ya vipimo vya mafuta, kwa sababu serikali ya Marekani inatoza kodi gari ndogo mpya isiyofikisha maili 22.5 kwa galoni. Dawa yake ni kiplagi kidogo cha dola 20 unachomeka kwenye waya wa hiyo solenoidi. Nilichomeka, na daftari halikubadilika hata kidogo. Ila wazo lao lilikuwa sahihi: V8 hii ina nguvu nyingi hata ikizunguka taratibu, huna haja ya kupangua gia zote kwa zamu. Mimi kwenye mtaa natoka ya kwanza naenda ya tatu, halafu ya tano, injini haijali.

Kitu kingine kwa sisi tuliokulia gereji za nyumbani: giaboksi ya gia za mkono tumezoea ni oili namba 90. T56 usithubutu. Hii inataka ATF, ile nyekundu ya gari za otomatiki. Ukiweka 90 asubuhi ya baridi utapigana na mkongojo, na zile ringi za ndani zinazosaidia gia kuingia unaziua.

Na gia ya sita ndiyo hazina ya gari hii. Uwiano wake ni 0.50, difu yangu ni 3.42, zidisha unapata 1.71, yaani tairi likizunguka mara moja injini imezunguka mara 1.71 tu. Kwenye maili 70 kwa saa mshale unakaa 1,600 hivi, ukirudisha ya tano unapanda 2,300. Nikienda Dallas kwa I-45 kwa mwendo wa 65 hadi 70 napata 27, hizo ni kilomita 11.5 kwa lita kwa injini ya lita 5.7. Nikiweka 80 naangukia 23. Upepo hauna rafiki. Ila usiiweke ya sita ukiwa chini ya 55 au unapanda daraja, injini inaguna na unakanyaga zaidi, unapoteza ulichotaka kuokoa. Na unapokaribia taa nyekundu acha gari kwenye gia, toa mguu kwenye mafuta, nozeli za petroli zinafungwa kabisa wakati huo, ukiweka nyutro inabidi injini ichome petroli ili isizimike.

Ndiyo maana meno ya difu ya 4.10 sikuyafunga. Yanafanya gari iruke kweli, sibishi, lakini injini inazunguka asilimia 20 zaidi kwenye kila gia, na difu ya hizi Camaro ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, ukiongeza na tairi zinazoshika unaivunja.

Vya kuongeza nguvu nilivyoweka ni vitatu tu. Mfuniko wa boksi la filta wenye njia pana, kwa sababu ule wa kiwandani unaibana injini pumzi, na filta nikarudisha ya karatasi. Egzosi ya nyuma, kuanzia baada ya katalisti, ile ya kusafisha moshi. Katalisti yenyewe usiitoe, sheria ya Marekani inakataza na mtaa mzima utajua unakula petroli kwa harufu. Halafu kupanga upya kompyuta, na hiki ndicho kilichobadilisha gari. Tafuta mtu anayeijua LS1, umweke wazi kwamba unataka na mwendo wa kawaida upangwe vizuri, siyo kukanyaga mpaka chini peke yake, maana wengi wanapanga ile ya kupigia picha tu kwenye mashine ya kupimia nguvu. Kabla ya hivyo vitatu, mashine hiyo ilisoma hospawa 288 kwenye magurudumu, baada yake 309. Daftari likaenda 20 mchanganyiko.

Kuhusu petroli, kitabu kinasema okteni 91, hapa Texas nanunua 93. Niliwahi kujaribu 87 tenki tatu. LS1 ina jedwali mbili za muda wa kuwasha cheche, ikisikia injini inagonga inahamia kwenye jedwali la mafuta duni, nguvu inashuka na maili zinashuka, kilichobaki mfukoni hakikutosha kunirudisha huko.

Wale wa Kenya mnaoniandikia mkitaka kuiagiza, sheria yenu inakataa gari yenye usukani wa kushoto na yenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo hii haingii kabisa. Lakini kama una Subaru au Toyota Mark II ya gia za mkono hapo nyumbani, daftari, sensa ya hewa na mkono karibu na rimu vinafanya kazi vilevile.

Mwisho klachi. Fungua kifuniko cha kikopo cha majimaji yake uangalie, kama majimaji ni meusi usisubiri, vuta yote kwa bomba la sindano kubwa, jaza mapya, kanyaga pedeli mara 30, vuta tena, rudia mpaka yabaki meupe. Yangu nilirudia mara saba, pedeli iliyokuwa inaganda chini nikibadilisha gia kwenye mzunguko mkubwa ikaacha. Na siku utakaposhusha giaboksi kubadilisha klachi pleti, weka na silinda ndogo mpya, ile inayosukuma klachi, siku hiyohiyo, kwenye T56 ya Camaro imekaa ndani nyuma ya klachi, ikivuja mwezi unaofuata unashusha giaboksi nzima tena kwa ajili yake.