Kwenda masaa mawili na nusu, kurudi manne na nusu: ndege imechoka?

SWALI: Shikamoo mzee. Mama anakwenda Johannesburg kumwona dada yangu aliyejifungua. Tiketi inasema ataondoka Dar 10:00 na kufika 12:30. Kurudi ataondoka huko 13:30 na kutua Dar 18:00. Imekuwaje kurudi kuzidi kwa masaa mawili, na njia ni ile ile? Halafu simu inanipa umbali wa kilomita 2,430, ya mdogo wangu inasema 1,310. Ipi kweli? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupata mpwa. (Nitaandika "masaa" kama ulivyoandika. Walimu wa Kiswahili watanuna, lakini nikisema "saa mbili na nusu" nusu ya wasomaji watadhani ni asubuhi.)

Simu zote mbili ni kweli. Hiyo 1,310 ni maili za baharini, kipimo cha marubani na cha sisi tuliokaa miaka mingi kwenye mipango ya safari za ndege. Maili moja ni kilomita 1.852, zidisha uone. Na huo ni umbali wa mstari ulionyooka juu ya mgongo wa dunia: kusini mwa Tanzania, Msumbiji, kusini mwa Malawi, mashariki mwa Zimbabwe, umefika. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 3,000.

Sasa tiketi. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja, mwaka mzima. Mama akitua 12:30 ya Johannesburg, wewe Tabata saa yako inasoma 13:30, yaani saa saba na nusu mchana. Toka saa nne asubuhi hadi hapo ni masaa matatu na nusu. Kurudi, 13:30 ya kule ni saa nane na nusu ya kwetu. Hadi saa kumi na mbili jioni ni matatu na nusu tena. Kwa hiyo usitoe saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine kabla hujazigeuza zote ziwe za Dar. Nairobi huwezi kukosea, saa zetu ni moja. Kigali ndiyo huwategea watu: jirani kabisa, lakini inafuata saa za Johannesburg.

Utauliza: ndege inakwenda kama kilomita 830 kwa saa, mbona 2,430 zisiishe kwa masaa matatu? Zingeisha, kama ingeanza na kumaliza kwa mwendo huo. Muda wa tiketi unahesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka maegesho hadi inaposimama kule, pamoja na kutambaa hadi njia ya kuruka, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua.

Kinachonichekesha ni kwamba safari unayoiona ndefu mara nyingi ndiyo fupi. Miezi ya Juni hadi Agosti, huko juu kusini mwa Afrika upepo mkali huvuma kutoka magharibi, na ndege inayokuja Dar husukumwa mgongoni ikaokoa dakika kadhaa.

Siku ya kumpokea, 18:00 ni saa ya Dar tayari, usiongeze kitu. Ila Barabara ya Nyerere jioni hiyo unaijua mwenyewe.