Chenji ya Abiria na Sadaka ya Jumapili

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni konda wa daladala inayotoka Temeke kwenda Makumbusho. Huu ni mwaka wa tatu tangu niokoke, ninasoma Biblia kila alfajiri kabla ya kutoka, na kioo cha nyuma cha gari letu kimeandikwa Zaburi 23. Lakini nikishasimama mlangoni, Biblia hiyo siioni tena. Chenji ya abiria ninaizungusha mpaka anashuka amesahau. Wanafunzi ninachukua wawili tu, wengine ninawazuia kwa mkono. Jioni tukiona foleni tunakatisha ruti na kuwashusha watu njiani. Nisipofanya hivyo hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo mwenye gari anaitaka kila siku, haitimii, na mimi na dereva tunarudi nyumbani mikono mitupu. Je, niache kazi hii? Na sadaka ninayotoa Jumapili, ambayo najua ndani yake mna chenji za watu, Mungu anaipokea?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Wengi wanaouliza namna ya kuliishi Neno huuliza kwa ujumla, nasi wachungaji huwajibu kwa ujumla vilevile: ombeni, pendaneni, sameheaneni. Wewe umetaja chenji, wanafunzi na ruti, na swali la namna hiyo limekwisha kuulizwa katika Maandiko, tena na watu ambao kazi yao ilifanana mno na ya kwako.

Katika Luka sura ya 3, Yohana Mbatizaji anapohubiri toba kando ya Yordani, watoza ushuru wanamwendea na kusema, “Mwalimu, tufanye nini sisi?” Ili uone uzito wa swali lao, yafaa ujue walivyolipwa. Ushuru wa bidhaa katika nchi zilizokuwa chini ya Rumi ulikuwa ukikodishwa: mtu aliahidi kuwapa watawala kiasi fulani, na chochote alichokusanya juu ya kiasi hicho kilikuwa chake. Hakuna haja ya kukueleza zaidi, maana hiyo ndiyo hesabu. Tajiri anataka fedha yake ikiwa kamili, mafuta ni juu yenu, na kinachobaki ndicho unga wa nyumbani kwako na kwa dereva. Mpango wa namna hiyo haumlazimishi mtu kuiba, lakini kila siku humwonyesha mahali pa kuibia.

Yohana angeweza kuwaambia waache kazi, na wasikilizaji wake wengi wangefurahi kusikia hivyo, kwa kuwa watoza ushuru walichukiwa. Hakusema hivyo. Aliwajibu, “Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa.” Aliweka kidole mahali palepale ambapo fedha ilikuwa ikipotea, akawaacha warudi kwenye meza zao wakiwa watu wengine. Ni kweli kwamba baadaye Lawi aliitwa na Bwana, akaacha vyote akamfuata. Lakini aliitwa kwa utumishi mwingine, na wito huo haukutolewa kwa kila mtoza ushuru. Basi kwa sasa sikwambii uache kazi.

Kilichoamriwa kwako kinajulikana, ni nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Chenji ya abiria si mali yako hata kwa nusu saa, na ukijua hukuwa na nia ya kuirudisha wakati unasema “nitakupa, subiri,” basi maneno hayo yenyewe ni uongo, kabla hata fedha haijapotea. Kuhusu ruti, Bwana alisema, “Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo.” Unapoita “Makumbusho! Makumbusho!” kituoni umetoa ahadi, na mama aliyepanda na mzigo wake ameiamini. Kama mnajua mtaishia njiani, iteni jina la hapo mtakapoishia, na nauli iwe ya hapo. Mtapoteza vichwa kadhaa vya abiria, sitakuficha.

Nataka nikae zaidi kwenye suala la wanafunzi, kwa sababu naona ndilo ulilolitaja kwa haraka. Mimi pia hupanda daladala. Nimemwona mtoto wa shule ya msingi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, sarafu yake ya shilingi 200 imelowa jasho kiganjani, akirudishwa chini mara tatu na magari matatu, huku mtu mzima aliyefika baada yake akivutwa mkono apande. Sasa soma Yakobo sura ya 2. Anaeleza kusanyiko ambamo mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anapewa pa kuketi, na maskini anaambiwa, “Simama wewe pale.” Yakobo anawaita wenye kufanya hivyo waamuzi wenye mawazo mabaya. Tumezoea kulihubiri fungu hilo kwa wazee wa kanisa wanaogawa viti vya mbele, lakini mlangoni pa daladala linakufaa neno kwa neno, kwa kuwa kinachompa mtu kiti hapo ni ukubwa wa nauli yake. Na ni Yakobo huyohuyo aliyeandika, “Iweni watendaji wa neno, wala msiwe wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu.” Msomaji wa alfajiri anayewazuia watoto saa moja baadaye amejidanganya nafsi yake, ingawa abiria hawajadanganyika, wao wanaisoma Zaburi kwenye kioo chenu na kuguna.

Sadaka yako. Bwana alisema kwamba ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, ukapatane naye kwanza, ndipo urudi uitoe. Kwa hiyo chenji isipitie kwenye kapu la kanisa ikidhaniwa kwamba imetakaswa. Utaniuliza utawapata wapi abiria wa miaka mitatu. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka mkosaji aungame na kurudisha alichochukua pamoja na sehemu ya tano juu yake, na kama hapakuwa na wa kurudishiwa, malipo yalikuwa ya Bwana, yakapewa kuhani. Mimi ni mchungaji, na ningekuwa na faida nikikuambia uyalete kwangu, basi chukua ushauri huu kama maoni ya mtu aliyejihadhari: walipe abiria wale kupitia abiria wa leo. Mtoto aliyepungukiwa nauli umpandishe, na bibi aliyepotelewa na fedha umfikishe, na tofauti itoke katika fungu lako, isitoke katika hesabu ya tajiri, maana hiyo nayo si yako.

Limebaki la hesabu yenyewe, na hapa mzigo si wako peke yako. Luka anamtambulisha Zakayo kuwa mkubwa katika watoza ushuru, kisha anaongeza, “naye ni tajiri.” Msomaji wa Dar es Salaam akilisikia neno hilo anaelewa upesi kuliko wengi: Zakayo ndiye aliyekuwa akiletewa hesabu. Toba yake haikuishia kwenye machozi, bali alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne kwa aliowanyang'anya. Mwenye gari anayejua kwamba hesabu aliyoipanga haipatikani kwa nauli halali, kisha akaipokea kila usiku bila kuuliza imepatikanaje, anashiriki katika kila chenji iliyozungushwa.

Kwa hiyo wewe na dereva mwendeeni pamoja, kwa heshima, wala msimwendee usiku mnapokabidhi fedha mkiwa mmechoka. Andikeni wiki mbili za safari zenu kwenye daftari: nauli halali mliyokusanya, mafuta, siku za mvua, siku ambazo gari lilikuwa gereji. Mwombeni apunguze hesabu kwa kadiri daftari linavyoonyesha. Akikubali, mshukuruni Mungu. Akikataa, na ikawa wazi kwamba kwa gari hilo hamwezi kufikisha hesabu bila kumwibia mtu, hapo ndipo swali lako la kwanza linapata jibu jingine: tafuta gari la tajiri mwingine, hata kama itakubidi kwa muda uwe deiwaka, yaani konda wa kushikia gari la wengine kwa siku.