MRI ya kichwa pekee kabla ya upasuaji? Usikubali

Mkuu, simamisha hiyo miadi kwanza. Umeandika kwamba mtoto wa miaka 6 ana uvimbe kisogoni, CT imeonyesha maji yamejaa kichwani, na kituo kimekwambia upige kichwa tu, "mgongo baada ya operesheni, uokoe hela". Aliyekushauri hivyo anauza picha, hatibu mtoto.

Uvimbe wa kisogoni kwa umri huo mara nyingi ni meduloblastoma, saratani ya ubongo ya watoto, na huo hudondosha mbegu (chembe za saratani) kwenye maji ya ubongo, zikashuka mgongoni. Operesheni nayo huingiza damu kwenye maji hayohayo. Ukipiga mgongo siku chache baadaye, damu na mbegu vinafanana, daktari wa picha anaandika "rudia". Kurudia ni kungoja kama wiki 2, huku tiba ya mionzi inatakiwa ianze ndani ya takriban wiki 6 tangu upasuaji. Na mgongo ni mmoja wa waamuzi wakuu wa dozi ya mionzi: ukiwa safi, kwa kawaida ubongo mzima na uti wa mgongo hupata grei (kipimo cha mionzi) 23.4, ukiwa na mbegu, 36. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, tofauti hiyo ni masomo, kimo na homoni zake maisha yote. Hiyo hela iliyookolewa hata nauli ya bodaboda ya kurudi kupima haitoshi.

Mwambie mpiga picha: kichwa bila dawa ya kung'arisha picha, sindano ya dawa hiyo (gadolinia), kichwa tena, halafu mgongo mzima, kwenye usingizi wa dawa uleule na sindano ileile. Dawa nyingi ni mililita 0.2 kwa kilo, yaani mtoto wa kilo 20 ni mililita 4, na hahitaji dozi ya pili. Mgongo bila dawa ni kazi bure, maana mbegu zinaweza kuwa utando mwembamba tu juu ya uti. Picha ifike S2, pingili ya pili ya mfupa ulio chini ya kiuno, mfuko wa maji ya mgongo unapoishia. Wengine hukatia kiunoni, na mbegu hupenda kutuama hukohuko chini.

Akianza kusinziasinzia au kutapika mfululizo, achana na foleni ya MRI, mkimbize dharura. Na asichomwe sindano ya kutoa maji mgongoni wakati kichwa kimejaa maji, ni hatari.

Bei na bima wengine humu watakujibu. Baada ya operesheni kinarudiwa kichwa, ndani ya saa 48, kabla kidonda hakijaanza kung'aa kwa dawa na kujifanya uvimbe uliobaki.