Umeokoka na ukoo unakutana Desemba? Panda mlimani

Mdogo wangu, umeuliza kama uende Kibosho, kwetu Uchagani, kwenye mkutano wa ukoo, maana umeokoka mwaka huu na kule kuna mbege, pombe yetu ya ndizi, na tambiko. Nenda. Nakuambia hivyo kwa sababu mimi niliharibu.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye wokovu nilipanda nyumbani Marangu nikiwa na moto. Baba mkubwa akaninyooshea kata ya mbege mbele ya ukoo mzima. Niliisukuma, nikasema sinywi vya mashetani. Unajua kata inavyozunguka kwetu: anayekupa anakuonyesha hana kinyongo nawe. Miaka miwili hakunipigia simu, na hakuna hata mmoja aliyeokoka kwa maneno yangu yale.

Nilirudi na jani la masale. Kanisani wapo walionishangaa, wakidhani nimerudia mila. Lakini kwa Mchaga lile jani ni kuomba radhi, na mimi kosa nilikuwa nalo. Mzee alilipokea, akaniuliza kitu kimoja: "Kwa nini hukuniambia kabla?"

Tangu hapo napanda siku mbili kabla ya wengine. Nakaa na mzee faraghani, namwambia: mbege sinywi, na mkiwamwagia mababu nitasogea pembeni, mengine yote niko nanyi. Kisha namenya ndizi za mtori, nabeba maji, nalala wa mwisho. Napeleka na kreti ya soda. Kumbe wasiopenda mbege walikuwepo wengi, wakipokea kata kwa kuona aibu tu.

Nyama? Paulo amelijibu hilo katika 1 Wakorintho 10: ukialikwa, kula unachoandaliwa bila kuhojihoji, ukiambiwa kimetolewa sadaka, acha. Nafanya hivyohivyo, na nikiacha siwahubirii wanaoendelea kula.

Na kwako pia wakaribishe. Majirani zangu hapa Moshi mjini ni Waislamu. Nikiwa na shughuli namwomba baba wa pale achinje yeye, na sufuria ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, haiguswi siku hiyo.

Mwaka jana mzee mwenyewe alinyamazisha watu ili niwaombee wanaorudi Dar. Mbege yake bado anakunywa, nami bado namwombea. Wewe usisubiri umati ukusanyike: mwone mzee wenu mapema, na kama ulishamkatalia mbele ya watu, chuma jani kwanza.