Nachora vizuri, chuo nisomee nini?

Swali: Shikamoo mzee, nimemaliza S6 (kidato cha sita) hapa Jinja, Uganda, nachora sana ila baba anataka nisome uhasibu, anasema sanaa ni njaa tu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Makerere kuna shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell 1937, pale kuna uchongaji, ufinyanzi, uchoraji, lakini usikimbilie rangi, jifunze kwanza kuchora mtu aliyekaa mbele yako, mkono hasa, vidole vinasumbua hadi wakongwe. Grafiki za kompyuta pia, mabango na lebo ndo zinalipa kodi ya nyumba mapema. Na baba (usimwambie nimesema) ana pointi kidogo, chukua hata kozi moja ya hesabu, maana wengi wanauza picha hawajui turubai, kile kitambaa cha kuchorea, imewala shilingi ngapi.